Wa 30 Kati ya 57

Shule zinapofungwa, swali la kwanza nyumbani huwa moja: "Umekuwa wa ngapi?" Mtoto akitaja nambari ndogo, kuku huchinjwa. Akitaja kubwa, anakula akiwa ameinamisha kichwa. Katika darasa la kipaimara nimewasikia vijana wakijieleza kwa nambari hizo kana kwamba ndizo majina waliyobatizwa. Basi ni vema tukumbuke nambari za mtu ambaye kanisa letu linaitwa kwa jina lake.

Martin Luther alizaliwa Eisleben, Ujerumani, mwaka 1483. Baba yake, Hans, aliyefanya shughuli za machimbo ya shaba, alitaka mwanawe awe mwanasheria. Mwaka 1502, katika mtihani wa shahada ya kwanza kwenye Chuo Kikuu cha Erfurt, Martin alikuwa wa 30 kati ya 57. Mwaka 1505, katika shahada ya uzamili, alikuwa wa 2 kati ya 17.

Julai ya mwaka huohuo alikutwa na radi njiani karibu na Stotternheim. Kwa hofu akaweka nadhiri ya kuwa mtawa, akaingia monasteri ya Waaugustino pale Erfurt. Huko mashindano hayakwisha, yalibadilika sura tu. Sasa alitaka kuwa bora mbele za Mungu. Alifunga, alikesha akiomba, akaungama kwa saa nyingi hata akamchosha mlezi wake wa kiroho, Johann von Staupitz. Amani hakuipata, kwa maana katika mtihani huo hakujua alama za kufaulu ni ngapi.

Mwaka 1512 alipata udaktari wa theolojia, akaanza kufundisha Biblia Wittenberg. Akiwa katika kazi hiyo, alishindana kwa muda mrefu na Warumi 1:17. Haki ya Mungu, aliyokuwa akiiogopa kama fimbo, hatimaye aliiona kuwa zawadi ambayo mwenye dhambi huipokea kwa imani. Mungu hamngoji mtu awe bora ndipo ampende.

Wakati ule mapadre na watawa walihesabiwa kuwa daraja la juu kuliko mkulima na fundi. Mwaka 1520 Luther aliandika kwamba wote waliobatizwa ni wa daraja moja. Fundi viatu, mhunzi na mkulima, kila mmoja ana kazi yake, na kwa kazi hiyo amtumikie mwenzake. Fundi hashoni kiatu kizuri ili Mungu amkubali. Anakishona kwa sababu mguu wa jirani unakihitaji.

Fundisho hili halikumfanya mvivu. Akiwa mafichoni Wartburg alitafsiri Agano Jipya lote kwa Kijerumani, likachapishwa Septemba 1522. Wala halikumfanya mkamilifu. Mwaka 1543 aliandika maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, ambayo Walutheri leo wameyakataa. Naye aliishi kwa neema, si kwa nafasi aliyoshika.

Wazazi, tuendelee kuuliza mtoto amekuwa wa ngapi, kwa maana bidii ni wajibu. Lakini kabla ya kufungua ripoti, tumkaribishe mezani, tumwite kwa jina lake la ubatizo. Jina hilo alipewa kabla hajafanya mtihani wowote.