Chokoraa Hawakuota Kama Uyoga

Kila kanjo wakishika watu wa mitaani pale tao na kuwarusha kwenye lori, komenti huwa ni zile zile. "Wamezidi." "Heri town ikae safi." "Warudishwe kwao." Sawa, nakuelewa. Labda simu yako ilinyakuliwa ukiwa kwa matatu pale Globe na bado inakuuma. Lakini hiyo "warudishwe kwao" ndiyo inanisumbua. Kwao ni wapi? Na ni nani alianza kusema hivyo?

Nimeifuatilia hii stori, na ukweli ni kwamba hayo maneno ni mzee kuliko babu yako. Yalikuwa sheria. Kwa hivyo leo wacha tuongee historia, lakini si ile ya kukariri kwa mtihani. Hii ni ya Nairobi yetu, ya watu tunaowaruka kila siku tukienda stage, na ya wale wachache waliojaribu kuwapa mahali pa kulala.

Mji uliojengwa bila vitanda vyetu

Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli. Wakoloni walitaka kazi ya Mwafrika, lakini hawakutaka Mwafrika akae. Ulikuja mjini kufanya kazi, ukimaliza urudi reserve. Kuanzia karibu 1920, kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kubeba kipande, karatasi ya kumtambulisha na kuonyesha ameajiriwa na nani. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ukipatikana bila kipande, ni ndani.

Pamoja na kipande kulikuwa na sheria ya uzururaji. Hii ilisema hivi: kama huna kazi na huna makao yanayojulikana, wewe ni mhalifu. Haijalishi kama umeiba au hujaiba. Kosa lako ni kukosa nyumba. Unakamatwa, unafungiwa, kisha unarudishwa "kwenu".

Sasa ona huo mchezo. Mji hauna nyumba za kukutosha, kwa sababu nyumba za Waafrika zilikuwa chache na nyingi zilipangwa kwa mwanaume mmoja na kitanda chake, si mama na watoto. Halafu huo mji huo unakukamata kwa kukosa nyumba. Kwa hivyo ukiandika leo "warudishwe kwao", jua tu kwamba unanukuu sheria ya mkoloni bila kujua.

Vita vilivyozalisha watoto wa barabarani

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Tarehe 24 Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil. Wanajeshi na polisi waliufunga mji wa Nairobi, wakapita nyumba kwa nyumba wakiwatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kizuizini. Huko mashambani nako, zaidi ya watu milioni moja walitolewa kwenye boma zao na kusukumwa kwenye vijiji vya lazima, vyenye mitaro na walinzi.

Fikiria hiyo hesabu kwa upande wa watoto. Baba yuko Manyani. Mama yuko kijiji cha lazima akichimba mtaro, au ameshakufa. Shamba limechukuliwa na boma limechomwa. Mtoto wa miaka kumi anaenda wapi? Anaenda Nairobi. Analala kwenye veranda za maduka na kula kile anachopata kwenye mapipa. Wengi husema neno chokoraa limetoka hapo, kwa kuchokora takataka ukitafuta chakula. Ona vile tumemwita mtu kwa jina la njaa yake, halafu tukaligeuza tusi.

Kwa hivyo hawakuota kama uyoga baada ya mvua. Kuna waliowapanda.

Vibanda viwili vya mabati

Hapa ndipo stori inabadilika kidogo. Geoffrey Griffin alikuwa mzungu aliyezaliwa Eldoret 1933. Alikuwa upande wa serikali wakati wa vita, akivaa sare. Baadaye akaacha jeshi, akaanza kufanya kazi na vijana waliokuwa kizuizini. Wavulana wadogo waliokuwa wamefungiwa Manyani pamoja na watu wazima walihamishiwa kambi ya Wamumu, wakapewa masomo na ufundi badala ya kupigwa tu.

Mmoja wa vijana waliopitia kizuizini siku hizo aliitwa Joseph Gikubu. Tafadhali usiipite hii haraka. Mzungu aliyevaa sare ya wakoloni na kijana Mkikuyu aliyefungwa na wakoloni hao hao. Hawa wawili, pamoja na Geoffrey Geturo, ndio walianzisha Starehe mwezi wa Novemba 1959. Mwanzo wake ulikuwa vibanda viwili vya mabati, msaada wa kampuni za mafuta za Shell na BP. Shirika la Save the Children nalo likasaidia. Wa kwanza kuingia walikuwa wavulana wasiokuwa na pa kulala.

Ndiyo, Starehe ile ile. Ile unayoisikia ukisoma habari za matokeo ya KCSE. Ilianza kama pa kulala.

Jambo ninalolipenda kwa Starehe ya mwanzo ni kwamba haikuishia kwa kitanda na uji. Ilikuwa na shule, na ilikuwa na baraza, ambapo mvulana angesimama mbele ya mkurugenzi aseme kinachomuudhi bila kuogopa adhabu. Ilikuwa na kazi pia: wanafunzi walifagia, waliosha, na waliomaliza walienda kujitolea kabla ya kuendelea na maisha yao. Mtoto ambaye mji ulimwita mzururaji alipewa sauti na wajibu, vyote viwili. Kauli mbiu yao ni "Natulenge Juu". Si "tuwahurumie". Ni natulenge juu. Kuna tofauti kubwa hapo.

Lakini historia haina malaika. Patrick Shaw, polisi wa akiba aliyeogopwa na majambazi wa Nairobi kuliko mtu yeyote miaka ya 1970 na 1980, naye alikuwa akifanya kazi Starehe. Mkono mmoja unalea, mkono mwingine unawinda. Hiyo ndiyo Nairobi.

Na kuna lingine. Starehe ilipokuwa shule kubwa, mlango wake ulibadilika. Anayeingia sasa ni mtoto maskini aliyefaulu. Wengi husoma bure, na hilo si jambo dogo, heshima kwao. Lakini mtoto anayelala Globe leo hana cheti, hana alama, pengine hajawahi kukaa darasani. Yule ambaye vibanda vile vilijengwa kwa ajili yake sasa hawezi kupita getini. Sisemi hivi kuwachafulia jina. Nasema ujue kwamba msaada unaweza kufaulu sana hadi ukamsahau yule wa kwanza.

Parking boys na padri aliyewafuata

Uhuru ulikuja 1963. Sheria ya uzururaji haikuondoka na bendera ya Mwingereza. Serikali yetu iliirithi vile vile, na ikaendelea kuitumia.

Miaka ya 1970 watu walimiminika mjini, kazi zikawa chache, na vijiji kama Mathare vikajaa. Ndipo jina la "parking boys" likaenea. Walikuwa vijana wadogo waliokuelekeza mahali pa kuegesha gari, wakakulindia, ukawapa senti. Yaani watoto walijitengenezea kazi ambayo leo kaunti inakulipisha kwa simu. Lakini wao walikamatwa kwa hiyo kazi.

Padri Mholanzi, Arnold Grol, aliwafuata huko huko barabarani na kuzoeana nao. Kutokana na hiyo kazi ikazaliwa Undugu Society of Kenya. Jina lenyewe linasema jambo: undugu, si huruma.

Undugu walijifunza kwa njia ngumu kwamba ukimtoa mtoto mmoja barabarani na mtaa wake ubaki vile ulivyo, kesho atatoka mwingine. Kwa hivyo waliacha kushughulika na mtoto peke yake. Waliweka masomo ya msingi yaliyofupishwa, kwa wale waliopitwa na umri wa darasa la kwanza. Baada ya hapo, kijana aliunganishwa na fundi wa jua kali, ajifunze useremala, welding au ufundi wa magari huku akiona kazi halisi na wateja halisi. Na huko Pumwani, kwenye vijiji vya Kitui, Kanuku na Kinyago, walishirikiana na wakazi kujenga upya nyumba za bei nafuu.

Hiyo ya nyumba ndiyo nataka uishike. Mtoto wa barabarani mara nyingi ana mama, na mama ana keja ya futi kumi kwa kumi yenye watoto sita, na landlord anagonga mlango. Ukimsaidia mama asifukuzwe, umemzuia mtoto kuingia barabarani kabla hujalazimika kumtoa. Hiyo haipigwi picha. Huwezi kuifanyia uzinduzi na utepe. Lakini ndiyo inayofanya kazi.

Mimi nilipoacha chuo sikuwa na kitu, lakini nilikuwa na binamu aliyesema "kuja ulale hapa kwanza". Hiyo tu. Tofauti yangu na msee wa Globe si akili wala bidii. Ni godoro moja kwenye sakafu ya mtu anayenijua. Hebu hesabu wewe, wangapi wangekufungulia mlango leo usiku? Hao ndio nyumba yako ya pili. Asiye nao, barabara iko karibu kuliko unavyodhani.

Sheria ilikufa, tabia ikabaki

Sheria ya uzururaji ilifutwa 1997, kwenye mageuzi ya kabla ya uchaguzi wa mwaka huo. Hesabu mwenyewe: miaka 34 baada ya uhuru bado kukosa nyumba kulikuwa kosa kwa jina hilo. Na hata ilipofutwa, polisi na askari wa jiji walibaki na vifungu vingine vya kukukamatia, pamoja na sheria ndogo za mji.

2003 ilikuja na matumaini. Serikali ya NARC, huku Karisa Maitha akiwa waziri wa Serikali za Mitaa, iliwatoa watu wa mitaani mjini, na mamia ya vijana wakapelekwa kufunzwa National Youth Service. Utashangaa: mkurugenzi wa kwanza wa NYS mwaka wa 1964 alikuwa nani? Griffin, yule yule wa Starehe. Mwaka huo huo wa 2003 ukaanzishwa mfuko wa serikali wa kurekebisha maisha ya familia za mitaani.

Wengine walipata ujuzi na kazi. Wengine walirudi barabarani, kwa sababu mafunzo yalikwisha na hapakuwa na nyumba ya kurudi wala kazi ya kushika. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa 2018 ilipata watu 46,639 nchi nzima. Nairobi peke yake ilikuwa na 15,337. Angalia pia neno lenyewe: familia. Si vijana wa gundi peke yao. Ni akina mama, watoto wachanga, na wengine waliozaliwa hapo hapo. Huyo aliyezaliwa barabarani ukimwambia arudi kwao, si uko naye hapo hapo kwao?

Sasa tufanye nini na hii historia?

Kwanza, ukitaka kuchangia shirika linalosaidia watu wa mitaani, usiangalie picha za watoto wakicheka na sahani ya wali. Uliza maswali matatu. Mtu huyu analala wapi leo, na atalala wapi mwaka ujao? Baada ya mafunzo, ni nani atampa kazi? Na je, wale mnaowasaidia wana nafasi ya kusema, kama kwenye baraza la Starehe, au wanapangwa tu mstari? Shirika lisilo na majibu linaweza kuwa na roho nzuri, lakini linagawa chakula cha jioni tu. Chakula cha jioni ni kizuri. Asubuhi njaa inarudi.

Pili, usiwaachie mashirika kila kitu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa. Haikusema kila mtu mwenye payslip. Starehe na Undugu walionyesha kwamba mtu wa barabarani akipata pa kulala, masomo na mtu wa kumwamini, anabadilika. Hatuhitaji kujaribu tena kama inawezekana. Ilishawezekana 1959 kwa vibanda viwili vya mabati. Kinachokosekana ni bajeti na nia, na hivyo vyote viko kwa MCA, gavana na mbunge unayempigia kura.

Tatu, lile lori. Wakoloni walilitumia, serikali zilizofuata zikalitumia, kanjo bado wanalitumia. Karne nzima ya kuhamisha watu, na watu bado wako. Kwa hivyo siku nyingine ukiona linapakia watu, kabla hujaandika "heri", uliza swali moja tu kwenye komenti: linawapeleka wapi, na huko kuna kitanda?

Kama hakuna anayeweza kujibu, basi si usafi huo. Ni kipande tu kwa jina jipya.