Shoah: Kumbukumbu Inayoifikia Dar es Salaam

Tarehe 27 Januari kila mwaka, Umoja wa Mataifa huwakumbuka wahanga wa Shoah, yaani maangamizi ya Wayahudi wapatao milioni 6 waliouawa na utawala wa Wanazi na washirika wao. Ni tarehe ambayo kambi ya Auschwitz ilikombolewa mwaka 1945.

Makumbusho ya Yad Vashem, mjini Yerusalemu, yaliyoanzishwa mwaka 1953, yana jina litokalo katika Isaya 56:5, pale Mungu anapoahidi kuwapa wasio na uzao kumbukumbu na jina nyumbani mwake. Humo hutunzwa karatasi za ushuhuda, ambazo jamaa huandika jina la ndugu yao, wazazi wake na mahali alipozaliwa. Kwa wengi wasio na kaburi, karatasi hiyo ndiyo alama yao. Mtakatifu Yohane Paulo II alifika hapo Machi 2000 kuwaombolezea.

Je, haya yanatuhusuje sisi waamini wa Kinondoni na Temeke? Ubaguzi ule haukuishia kwa Wayahudi. Mahjub bin Adam Mohamed, ajulikanaye zaidi kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Angali mtoto, alitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye aliishi Berlin, akafundisha Kiswahili na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Tangu mwaka 2007, kijiwe chenye bamba la shaba na jina lake kimo njiani, mbele ya makazi yake ya zamani, sawa na vile vya Wayahudi waliotolewa majumbani mwao.

Kumbukumbu hurithishwa nyumbani. Na dharau nayo hurithishwa nyumbani. Ndiyo maana tamko la Nostra aetate la tarehe 28 Oktoba 1965 linafundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala wa leo, na kwamba wasielezwe kama taifa lililolaaniwa. Basi, wazazi, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo, tunapowasimulia watoto Ijumaa Kuu, tuchunge maneno yetu. Yesu, Mama yake na mitume wake walikuwa Wayahudi.