Gari Lipitalo Pasipo Njia

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza nanyi habari za motokaa ndogo iendayo matopeni, michangani na milimani, ambayo wengine huiita Jeep na wengine Land Rover. Sisi tukaao Lalago, katika Wilaya ya Maswa, hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini gari la namna hii lilitakiwa duniani. Njia itokayo Kolandoto hupita kwetu kwenda Mwanhuzi, nayo hukata nchi ya mbuga, yaani ule udongo mweusi wa bondeni. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka ukawa mgumu kama tofali. Mvua ikinyesha huvimba na kunata, na gurudumu likizunguka mara mbili tatu limekwisha kujichimbia kaburi. Ng'ombe hupita, na mtu hupita akiwa amevua viatu. Lakini lori hukaa likingoja jua.

Basi, kabla ya kuuliza ni nani aliyeunda gari hili, yafaa tuulize swali lililo kubwa zaidi: mahali pasipo njia, ni nani atakayechukua mzigo?

Wazee wetu walilijibu swali hilo kwa vichwa na mabega yao. Katika karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walisifiwa kuwa wapagazi hodari. Walichukua pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, wakarudi na nguo na ushanga. Kazi ile ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa na ujira wake na heshima yake, na kijana aliyefika pwani akarudi salama alihesabiwa kuwa mtu mzima.

Vita Kuu vya Kwanza, vya mwaka 1914 mpaka 1918, viligeuza upagazi kuwa msiba. Magari yalikuwapo, lakini hayakuiweza nchi. Mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, yaliyokuwa upande wa Waingereza, yalipofika Kondoa Irangi, mvua za masika ziliharibu njia nyuma yao. Magari yakazama, farasi wakafa kwa maradhi, chakula kikaadimika; ikawa hapana budi wapagazi wakichukue vichwani, wakitembea katika maji na matope. Waingereza walitumia wapagazi, na Wajerumani vivyo hivyo. Makumi ya maelfu ya watu hao walikufa, na wengi waliuawa na kuhara, homa na njaa kuliko waliouawa na risasi. Tena wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Mithali yatuambia, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Wakubwa waliohesabu mizigo ile kwenye karatasi hawakuusikia uzito wake shingoni.

Ufundi wa kuyashinda matope ulikuwa umekwisha kujulikana zamani. Motokaa nyingi husukumwa na magurudumu mawili tu, na hayo yakiteleza, safari imekwisha. Lakini nguvu ya injini ikipelekwa kwa magurudumu yote manne, ya mbele huvuta na ya nyuma husukuma, kama vijana wanne wanaosaidiana kuchukua kitanda cha mgonjwa: mmoja akiteleza, watatu humshikilia. Nchini Uholanzi kampuni ya Spyker ilitengeneza motokaa ya namna hiyo mwaka 1903. Hata hivyo, kwa miaka mingi ufundi huo ulitumika zaidi katika malori mazito, wala si katika gari dogo ambalo watu wachache waweza kulinyanyua likikwama.

Mwezi wa Julai 1940, vita vingine vikiwa vimekwisha kuwaka Ulaya, jeshi la Marekani liliwaandikia watengenezaji wa motokaa zaidi ya mia moja. Lilitaka gari jepesi, lenye nguvu katika magurudumu yote manne, na mfano wake wa kwanza uwe tayari kwa siku 49. Kampuni ndogo iitwayo American Bantam, ya mji wa Butler, ndiyo iliyoitimiza ahadi hiyo. Fundi wake, Bwana Karl Probst, alichora michoro kwa siku chache tu, na tarehe 23 Septemba 1940 gari likafikishwa jeshini. Lakini aliyelima siye aliyevuna. Jeshi liliona kwamba Bantam haina kiwanda cha kutosha, likawapa Willys-Overland na Ford michoro ile, na kampuni hizo mbili ndizo zilizopata kazi kubwa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Jeep zaidi ya 600,000 zilikuwa zimetengenezwa.

Askari wa Afrika Mashariki waliziona kwa macho yao. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari wa Keya kutoka nchi zetu, ilipigana Burma mwaka 1944, ikalifuata bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa na maradhi mengi. Jeep zilichukua risasi na vyakula, nazo zilichukua majeruhi waliolazwa juu ya machela. Zilipokwama, mabega ya watu yalirudi kazini, na ndege zikaangusha vyakula kutoka juu. Hata hivyo tofauti ilikuwa kubwa. Mzigo ambao mwaka 1916 ungaliwaua watu kumi njiani, sasa waweza kuchukuliwa na dereva mmoja kwa nusu siku.

Baada ya vita, Bwana Maurice Wilks, injinia mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na Jeep kuukuu katika shamba lake kisiwani Anglesey. Ilimfaa sana, lakini ilikuwa ikichakaa, naye akaona si vigumu kampuni yake kutengeneza gari kama hilo kwa ajili ya wakulima. Kazi ikaanza mwaka 1947. Wakati ule chuma kilikuwa haba, kikigawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo mwili wa gari ulifanywa kwa bati la alumini, ambalo haliliwi na kutu kama chuma. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo lilionyeshwa mjini Amsterdam, nalo likaitwa Land Rover. Injini yake iliweza kuzungusha msumeno au mashine ya kupura nafaka. Mwaka 1949 jeshi la Waingereza nalo likaanza kulinunua. Hivyo chombo kilichotoka vitani kwenda shambani kilirudi tena vitani.

Hapa Tanganyika wako waliodhani kwamba mashine peke yake zaweza kuishinda nchi. Mwaka 1947 ulianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, na mitambo mingi iliyobaki vitani ikaletwa kufyeka pori. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka hushikamana kama saruji, mvua zake si za kutegemewa, na mitambo mingi iliharibika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Nguvu ya injini haikutosha pale ambapo ardhi haikujulikana vema.

Land Rover yenyewe ilienea. Kabla ya uhuru wa mwaka 1961 na baada yake, ilikuwa gari la boma, la misheni, la bwana shamba na la daktari. Wajapani nao hawakukaa nyuma. Mwaka 1951 kampuni ya Toyota ilitengeneza gari la aina hiyo, na mwaka 1954 ikalipa jina la Land Cruiser. Hatimaye likawa gari linalojulikana sana katika hospitali na maofisi ya nchi zetu. Ile Land Rover ya namna ya kale ilikoma kutengenezwa tarehe 29 Januari 2016, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni mbili.

Sasa na turudi Lalago tuuliza: je, gari hili liliondoa mzigo kichwani mwa nani? Lilimwondolea mkubwa wa wilaya taabu ya kutembea, na hilo si jambo baya, maana akija huiona shida. Limewafikisha hospitali akina mama wengi ambao wangalifia njiani, na kwa hilo twashukuru sana. Lakini mkulima wa pamba hakuwa na Land Rover. Mzigo wake ulikwenda kwa gari la ng'ombe. Mama aliyetoka kisimani aliuchukua mtungi kichwani kama zamani, akajitenga kando ya njia, vumbi la gari likampita. Tena mgonjwa akiugua usiku, gari likiwa mbali, vijana wanne na kitanda cha kamba ndio waliokuwa gari lake.

Gari lipitalo pasipo njia humpitisha yule aliyemo ndani yake tu. Njia njema huwapitisha wote: mwenye lori, mwenye baiskeli, mwenye ng'ombe, na mama mjamzito. Kwa hiyo tusiridhike kuona gari la nguvu likikivuka kijito chetu, tukasema kwamba kijito hakihitaji daraja.

Nanyi wanafunzi, mnayo kazi. Jifunzeni ufundi wa injini, kwa maana gari lisilo na fundi ni bati tu. Jifunzeni pia ufundi wa barabara: kuchimba mfereji wa kando maji yapate kuondoka, kutolima mpaka ukingoni mwa njia, na kutopitisha ng'ombe juu ya tuta lililolowa. Kazi hizo ni ndogo, wala haziandikwi katika habari za vita. Lakini wapagazi wa mwaka 1916, lau wangalipata njia kavu ya kukanyaga, wengi wao wangalirudi kwao.