Uzuri wa Ukatili: Uhakiki wa Picha ya Delacroix kwa Darasa la Kutulo

Je, kazi ya sanaa yaweza kuwa nzuri ilhali inasawiri uovu? Swali hili humtatiza mtahiniwa anayedhani kwamba kusifu fani ni kuidhinisha maudhui.

Tuchukue picha ya Mfaransa Eugène Delacroix, Kifo cha Sardanapalus, aliyoichora mwaka 1827 na ambayo imehifadhiwa Louvre, Paris. Mfalme wa Ashuru amejilaza kitandani, mkono umeshika kichwa, akitazama kwa utulivu wajakazi na farasi wake wakichinjwa. Shuka jekundu linamwagika kutoka juu hadi chini mithili ya mto wa damu. Rangi zinavutia, tendo linachukiza. Mvutano huo ndio nguvu ya picha.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza: nani anasawiriwa, na nani? Delacroix alikuwa hajafika Mashariki; alikwenda Moroko mwaka 1832. Alichochewa na tamthilia ya Byron ya mwaka 1821, ambayo haina mauaji hayo ya halaiki. Ukatili huo, basi, ni ubunifu wa Ulaya uliovishwa kilemba cha Mashariki. Edward Said, katika Orientalism (1978), alionyesha jinsi taswira za aina hii zilivyoshabihiana na mamlaka ya kikoloni.

Mwanafunzi wa Kutulo, Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ana kioo cha kulinganishia. Sayyid Mohamed Abdulle Hassan alitunga gabay kuhusu Richard Corfield, afisa Mwingereza aliyeuawa Dul Madoba mwezi Agosti 1913. Mshairi anamsemesha marehemu kwa kejeli, akimtuma ahadithie kifo chake huko Jahanamu. Ni utungo wa kikatili, tena ni johari ya ushairi wa Kisomali. Tofauti ni kwamba hapa anayesawiriwa na Mashariki ni Mzungu, na vita vilikuwa vya kweli.

Haitoshi, basi, kuipongeza gabay kwa kuwa ni ya kwetu na kuilaani picha kwa kuwa ni ya wageni. Corfield naye alikuwa binadamu, kama walivyokuwa madarwishi waliokufa siku hiyo.

Mtahiniwa ataje mbinu, aeleze athari yake, kisha apime gharama: uzuri huu umelipiwa na nani? Anayejibu sehemu mbili za kwanza pekee amesifu; anayejibu zote tatu amehakiki.