Saikolojia: Je, ni Sayansi?

Kila tunapomshauri mzazi ampeleke kijana wake kwa mtaalamu wa saikolojia, twaulizwa swali lile lile: hiyo nayo ni sayansi, ama ni maneno tu ya wasomi? Swali ni la haki, tena ni la zamani.

Mwaka 1786 mwanafalsafa Immanuel Kant alikwisha kulijibu kwa kukanusha. Kwake yeye, sayansi ya kweli ya maumbile yahitaji hisabati, na mambo ya ndani ya nafsi hayapimiki. Mwaka 1860 Gustav Fechner akaonyesha kwamba baadhi yake yapimika: mwenye kubeba kilo moja hutambua nyongeza ndogo ambayo mwenye gunia begani haihisi kabisa, na tofauti hiyo ina kanuni yake. Wilhelm Wundt, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, akafungua maabara huko Leipzig mwaka 1879. Naye Hermann Ebbinghaus alikariri silabi zisizo na maana, akahesabu jinsi alivyozisahau, na mwaka 1885 akachapisha matokeo.

Wakatoliki hawakukaa pembeni. Padre Edward Pace, Mmarekani, alisoma kwa Wundt, akapata udaktari mwaka 1891, kisha akafundisha elimu hiyo katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Marekani. Huko Louvain, Désiré Mercier, aliyekuja kuwa Kardinali, aliiingiza maabara ya saikolojia katika taasisi ya falsafa ya Mtakatifu Thoma. Hawakuona kwamba kupima kasi ya mtu kuitikia mlio kunamnyang'anya roho yake.

Karl Popper alikuja na hoja nzito zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 aliwalaumu Freud na Adler: nadharia zao zaeleza kila tendo, hata matendo yanayopingana, basi hakuna jambo liwezalo kuzikanusha. Hapo twamwunga mkono. Lakini alikata tawi, si mti.

Pigo jingine lilikuja mwaka 2015, jarida la Science lilipotangaza kwamba tafiti 100 za saikolojia zimerudiwa. Asilimia 97 ya zile za awali zilidai matokeo ya kutegemewa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu. Wapo waliocheka. Sisi twauliza: aliyefichua ni nani? Ni wanasaikolojia wenyewe. Mpiga ramli hajirudii kazi yake mbele ya watu ili aonekane amekosea. Kwa hiyo twaiita sayansi, ingawa haina nguvu sawa pande zote: imara juu ya kumbukumbu na hisia, dhaifu inapotaka kumweleza mtu mzima kwa nadharia moja.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 62 (1965), ulitaka elimu hii itumike katika uchungaji. Mwongozo wa mwaka 2008 kuhusu waseminari ukaruhusu mtaalamu aombwe msaada, mseminari mwenyewe akiwa ameridhia kwa hiari. Ila mtaalamu huyo hawi mmoja wa walezi wa seminari, na kuupima wito kunabaki mikononi mwa Kanisa.