Rege ya Birmingham

Baada ya Vita Kuu ya Pili, maelfu ya watu kutoka Jamaika na visiwa vingine vya Karibi walihamia Birmingham, Uingereza, kufanya kazi viwandani, hospitalini na kwenye mabasi. Wengi waliishi mtaa wa Handsworth. Santuri zao zilipigwa kwa spika kubwa katika sherehe za majumbani, na watoto wao wakakua wakiisikia rege.

STEEL PULSE, 1975
Vijana wa Handsworth. Baadhi ya kumbi ziliwakataa kwa imani yao ya Kirasta, wakapanda jukwaani pamoja na bendi za panki zilizopinga ubaguzi wa rangi. Albamu yao ya kwanza, Handsworth Revolution, ilitoka mwaka 1978. Mwaka 1987 wakawa bendi ya kwanza kutoka nje ya Jamaika kushinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rege.

UB40, 1978
Weusi kwa weupe, hawakuwa na ajira. Jina lao ni la fomu ya kudai posho ya wasio na kazi. Walitumbuiza kwa mara ya kwanza Februari 1979 katika baa ya Hare & Hounds, Kings Heath.

MUSICAL YOUTH, 1979
Walianza wakiwa watoto wa shule. Mwaka 1982 wimbo wao Pass the Dutchie uliongoza chati za Uingereza.

Hare & Hounds ingali ukumbi wa muziki hadi leo.