Askari 8 wa bati, na hesabu ya wapagazi

Mitihani imepungua makali kidogo, basi leo tuongee historia. Ila tutapitia kwenye hobi yangu, ile ambayo jamaa ninayekaa naye chumba anaiita "utoto wa mtu mwenye cheti cha form six". Namwacha aseme.

Hobi yenyewe ni kupaka rangi vinyago vya askari wa enzi ya ukoloni hapa Afrika. Ni vya bati, urefu wake milimita 28 hivi, yaani mtu mzima mwenye bunduki hafiki mbali kuliko nusu ya kidole gumba chako. Mimi ninavyo 8, mjomba aliniletea kutoka Uingereza. Na huko ndiko mambo haya yalikoanzia. Kampuni ya William Britain ilianza mwaka 1893 kutengeneza vinyago vya madini ya risasi vyenye uwazi ndani, vikawa vyepesi na bei nafuu. Mwaka 1913 H. G. Wells, yule mwandishi wa riwaya, akatoa kitabu kiitwacho Little Wars, kanuni za kupigana vita vya vinyago. Toka hapo watu wazima hawajaacha. Wanapenda sana vita vya huku kwetu: Wazulu na Waingereza pale Isandlwana 1879, vita vya Sudan, na ile vita ya 1914 hadi 1918 kati ya Mjerumani na Mwingereza katika Afrika Mashariki.

Vinyago vyangu ni askari wa Mjerumani. Sasa hapa ndipo historia inapoingia, maana huwezi kupaka rangi kitu usichokijua. Kofia ni ya kaki, ina kitambaa cha kufunika shingo na nembo ya tai mbele. Miguuni wamezungushiwa vitambaa toka kwenye kiatu hadi karibu na goti. Bunduki ya wengi wao vita vilipoanza ilikuwa Mauser ya mwaka 1871, ya baruti ya zamani inayotoa moshi mzito. Ukifyatua tu, adui keshajua ulipo! Wenye hobi hii hubandika kipande cha pamba kwenye mdomo wa bunduki kuonyesha ule moshi.

Halafu suala la ngozi. Wengi hupaka kahawia moja tu kwa wote, kazi imekwisha. Lakini jeshi lile lilichukua watu wa Sudan, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine. Hebu angalia darasa lolote la chuo hapa, hakuna watu wawili wenye rangi moja. Mimi nachanganya kahawia nne, na kila uso unapata yake.

Haya, tuje kwenye hesabu. Vita vilipoanza 1914, Mjerumani alikuwa na kampuni 14 za jeshi na askari Waafrika wapatao 2,500. Kampuni moja ilikuwa na askari kama 160, na nyuma yao wapagazi kama 250. Chukua kalamu ugawe. Katika kila watu 8, askari ni 3, wapagazi 5. Lakini pakiti yangu ina askari 8 na mpagazi sifuri.

Kwa hiyo nikachukua kisu. Watano nimewakata bunduki, nimewakata na kofia. Mikono nimeitoboa kwa kekee ndogo, nikapitisha waya mwembamba, nikaielekeza juu kushika mzigo. Viatu nimevikwangua hadi vikawa nyayo. Shuka nimeitengeneza kwa ule udongo wa gundi wa rangi mbili unaokanda pamoja kisha unakauka mgumu kama jiwe. Kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni ngata. Kufinyanga ngata ya kutosha kichwa chenye ukubwa wa punje ya dengu, jamani, macho yanatoa machozi. Lakini mpagazi bila ngata si mpagazi.

Kwa nini walihitajika wengi hivyo? Mbung'o. Farasi, punda na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa ndorobo, barabara hazikuwepo, reli zilikuwa chache. Risasi, unga, dawa, hata vipande vya mizinga, vyote vilipanda kichwani kwa mtu, kama kilo 25 kila mmoja. Na mpagazi naye anakula. Safari ikiwa ndefu, chakula kingi kinaliwa na wale wale wanaokibeba, basi wanatakiwa wapagazi wengine wa kuwabebea wapagazi. Upande wa Mwingereza peke yake waliandikishwa watu wanaokadiriwa kufika milioni 1, na waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu 100,000. Wengi wao hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi. Tunapanda daladala kila siku tunalitaja, bila kuwakumbuka.

Kwetu Njombe bibi husema babu yake alichukuliwa "kwenye vita vya Wajerumani" kubeba mizigo, akaenda moja kwa moja. Hakuna kaburi, hakuna karatasi. Nenda pale Posta, Dar, utazame Sanamu ya Askari iliyozinduliwa 1927: yupo askari peke yake na singe yake. Ya Nairobi angalau ina watu watatu, na mmoja ni mpagazi.

Kuna aliyeniuliza, huoni aibu kuwarembesha askari wa mkoloni? Swali zuri. Wakati wa Majimaji, 1905 hadi 1907, jeshi hilo hilo lilichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Silisahau hilo hata nikiwa na brashi. Ila askari huyo alikuwa mtu wa huku huku, na wale waliobebeshwa mizigo pia. Nikimficha mmoja, stori inakuwa ya uongo.

Nikienda mazoezi ya kufundisha nitawabeba wote 8 kwenye boksi la chaki. Nitawapanga mezani mbele ya form three kabla hawajafungua kitabu, na swali litakuwa moja tu: wahesabuni, kisha mniambie nani alipigana vita hivi.

Na wewe mdau, siku ukienda kijijini, waulize wazee nani katika ukoo wenu alibeba mzigo akaenda moja kwa moja. Andika jina lake mahali. Siku njema!